Kujenga programu ya Android bila kumaliza bando

Kwa wanaotumia bando la simu hapa Mombasa: jenga mradi wako mara ya kwanza mahali penye waifai. Ukirudi nyumbani Likoni au Bamburi, washa emuleta (simu ya kuigiza ndani ya kompyuta) kisha andika kwenye terminal `./gradlew installDebug --offline`. Amri hiyo moja hujenga programu kutoka kwenye msimbo na kuiweka kwenye emuleta. Siri ni kwamba Gradle, chombo kinachojenga programu, huhifadhi maktaba zote (msimbo wa wengine ambao programu yako inautumia) ilizopakua ndani ya folda ya `.gradle`, na `--offline` huikataza kwenda mtandaoni kuziulizia tena. (`clean`, amri ya kufuta matokeo ya ujenzi uliopita, haiigusi folda hiyo, usiiogope.)

Amri hiyo itagoma ukiongeza maktaba mpya, ukibadilisha toleo, au ukivuta msimbo ambao mwenzako ameufanyia hayo. Hapo ondoa `--offline` kwa ujenzi mmoja tu, kisha uirudishe. Maktaba zisizoguswa kwa siku 30 kwa kawaida hufutwa zenyewe, kwa hiyo mradi uliolala utadai kupakua upya. Na emuleta yenyewe ni mlaji: kama programu yako haihitaji mtandao, weka emuleta kwenye hali ya ndegeni, la sivyo Play Store itajisasisha kwa pesa zako.