Ofa za Desemba: nunua zana za mkono ukiwa na tupa mfukoni

Kuanzia Ijumaa ile ya Novemba wanayoiita Black Friday mpaka Januari ianze kubana, maduka ya vifaa Kariakoo na Gerezani, hapa Dar es Salaam, yanajaa vibao vyekundu vya OFA. Simu nayo haitulii. Picha ya seti ya bisibisi inang'aa mtandaoni, ukiuliza bei unaambiwa njoo inboksi. Mimi ni seremala, karakana yangu iko Keko, na msimu huu ndio ninaonunulia vijana wangu wa kazi zana. Ofa sizikatai. Ila siendi mikono mitupu: nina tupa ndogo ya pembe tatu ya kunolea msumeno, sumaku niliyoing'oa kwenye mlango wa kabati, rula ya chuma, penseli, na nati ya bolti ya milimita 8. Vyote vinaenea kwenye kipochi.

Kazi yenyewe inaanza Oktoba, kabla vibao havijatundikwa. Pita madukani kama mtu wa kuulizia tu, chukua bei za vitu unavyovihitaji, andika kwenye simu pamoja na jina la duka na chapa iliyogongwa kwenye chuma. Desemba utaikuta patasi iliyokuwa 9,000 imeandikwa 15,000, ikakatwa kwa kalamu nyekundu, na chini yake "10,000 tu". Ambaye hakuandika bei anaondoka anashukuru.

Kariakoo msimu huo winga, yule dalali wa kuvuta wateja, atakudaka kabla hujavuka Msimbazi. Anatafuta riziki kama wewe, lakini chake kimo ndani ya bei utakayotajiwa. Mwambie, "Ahsante kaka, nimeagizwa duka maalumu," uendelee na safari. Mimi nikiingia dukani na kitenge changu husikia, "Dada, unamnunulia shemeji?" Sibishani. Muuzaji akidhani sijui kitu, ananiletea mwenyewe kile anachotaka kukitoa dukani haraka, nami najua cha kuanza kuacha.

Sasa, kwa nini zana zimeshuka ubora hivi? Watu wanamtupia Mchina lawama zote, na si haki. Kiwanda kimoja huko China kinaweza kutoa patasi nzuri asubuhi na jioni kikatoa ya kukatia keki, kutegemea mwagizaji ametaja bei gani. Akisema anataka iuzwe kwa elfu tatu wakati wa sikukuu, kiwanda hakigusi rangi wala mpini, maana hivyo ndivyo mnunuzi anavyoviona. Kinapunguza kisichoonekana: aina ya chuma, muda wa kukipasha moto na kukizamisha kikomae, yaani kiwe kigumu, kazi ya kusaga uso ukanyooka. Kilichokuwa kinafuliwa sasa kinayeyushwa na kumwagwa kwenye kalibu, kisha kinavikwa kromu king'ae. Herufi CR-V, za chuma chenye kromiamu na vanadiamu, zinagongwa hata kwenye kitu ambacho hakijawahi kuvionja.

Chapa kubwa nayo haikulindi kama zamani. Craftsman ni jina la zana ambalo Sears, kampuni ya maduka ya Marekani, ilianza kulitumia mwaka 1927, likapata heshima kwa dhamana yake ya maisha; mwaka 2017 liliuzwa kwa Stanley Black & Decker. Stanley yenyewe ilianza 1843, na leo utalikuta jina hilo kwenye zana za madaraja tofauti zilizotengenezwa nchi tofauti. Jina linahama, fundi aliyelijengea sifa hahami nalo. Kisha kuna chapa zilizobadilishwa herufi moja tu, hizo zisome herufi kwa herufi; ukiuziwa bandia, pa kulalamikia ni Tume ya Ushindani.

Patasi ndiyo inayodanganya kuliko zote, kwa hiyo niikalie kidogo. Igeuze, laza rula ya chuma kwenye mgongo wake bapa, inua kuelekea kwenye mwanga. Mwanga ukipenya katikati kuna bonde, na bonde dogo linanoleka. Rula ikibembea, maana yake mgongo umetuna. Irudishe, utaumaliza mkono kwenye kinoo na hutaisha kuunyoosha. Tazama pia rangi. Ukiona samawati au zambarau karibu na makali, iliungua wakati wa kusagwa, na hapo chuma kimelainika.

Halafu tupa. Omba ruhusa kwanza, kisha pitisha pembe ya tupa kwa wepesi ubavuni, karibu na makali. Chuma kilichokomaa kinaikataa tupa: inateleza na kutoa mlio mwembamba. Chuma laini kinaipokea, unahisi meno yanang'ata, na unga mweusi unabaki kidoleni. Sogea sentimita tatu nyuma, ujaribu tena. Nyingi za ofa zimekomazwa ncha peke yake; ukishanoa mpaka ncha ikaisha, umebaki na kitu cha kufungulia makopo ya rangi. Patasi nzuri ya mbao hukomazwa hadi kati ya 58 na 62 kwenye kipimo cha ugumu kiitwacho Rockwell C, na tupa iko juu kidogo ya hapo, ndiyo maana inatosha kukuambia ukweli. Muuzaji akikataa katakata usiguse, hata kwenye sampuli, toka. Wenye bidhaa nzuri huwa wanaangalia kwa udadisi tu.

Kasoro ya upande wa pili, yaani chuma kilichokomaa kupita kiasi, dukani huioni. Ukifika karakana inoe, igonge kwenye kichwa cha mbao ya mkongo, tazama makali. Yakijikunja ni laini. Yakimeguka ni kavu mno.

Msumeno, angalia ncha za meno. Zikiwa na weusi wa samawati, meno yamekomazwa kwa umeme. Hayo yanadumu sana kwenye paini ya Sao Hill, lakini yakiisha yameisha, tupa haiyaumi. Fundi wa kenchi za paa anunue huo kwenye ofa wala asijiulize. Karakana inayokata mninga na mkongo kila siku inahitaji meno yenye rangi moja na bapa lake, ambayo utayanoa na kuyatanua mwenyewe. Kwa vyovyote, funga jicho moja, tazama toka kwenye mpini mpaka ncha kama bapa limenyooka. Likunje upinde, uliachie. Lisiporudi lilivyokuwa, acha hapohapo.

Mpini wa nyundo uliopakwa rangi nzito siupendi, kwa sababu rangi inaficha nyuzi za mti. Nyuzi zitembee toka kichwani mpaka kitako. Zikikatiza kwa mshazari, mpini utakatika siku unang'oa msumari wa inchi nne. Tazama juu ya kichwa kama kabari ipo na imezama. Na tafadhali, msigonge nyundo mbili uso kwa uso ili kusikia mlio. Kipande cha chuma kinaweza kuruka kikaingia jichoni.

Vya kupimia vinahakikiwa kwa dakika moja, palepale kaunta. Pima maji ilaze, kumbuka povu limesimama wapi, igeuze kichwa mkia mahali palepale. Povu likihama, ni pambo. Skwea, ile ya kupimia pembe mraba, iegemeze kwenye ukingo ulionyooka wa boksi au kaunta, chora mstari, ipindue, chora tena toka nukta ileile: mistari ilaliane. Tepu, ndoano yake ya mbele lazima icheze kidogo, kiasi cha unene wake, ndipo ipime sawa kwa ndani na kwa nje. Mafundi wachanga huigonga ikaze, wakaiharibu. Tafuta alama ya II iliyozungushiwa duara. Tepu ya mita 5 yenye daraja hilo la usahihi inaruhusiwa kukosea milimita 1.3 kwa urefu wake wote, wakati ya daraja la III inaruhusiwa 2.6. Kwa kabati la jikoni lenye milango sita, hiyo tofauti utaiona mlango wa mwisho unapogoma kufunga.

Nati yangu ni ya spana namba 13. Naitia kwenye kila spana ya namba hiyo na kuitikisa. Ikicheza sana, mdomo huo utatanuka kabla ya bolti kulegea. Sumaku nayo ni ya jiriwa na plaizi: isiponasa mwilini, hicho si chuma, ni aloi nyepesi iliyopakwa rangi, na ukikaza kwa nguvu itapasuka. Kwenye bawaba na kufuli za "shaba" ni kinyume. Shaba hainasi sumaku. Ikinasa, umeuziwa chuma kilichooshwa rangi ya dhahabu.

Maseti ya vipande mia na kitu kwenye boksi la plastiki sinunui, nasema wazi. Hesabu humo vile vidude vya kubadilisha ncha ya bisibisi, vingi vinajirudia, utakuta spana za maana hazijai kiganja. Kwa pesa hiyo nanunua bisibisi mbili na plaizi moja ambayo taya zake zimekutana bila kuacha mwanga.

Binamu yangu aliyeko Houston huniuliza kila Novemba aninunulie nini, maana kwao ndiko ilikozaliwa hiyo Ijumaa. Namwambia zana za umeme asiguse, za kwao ni za volti 120 na hapa tuna 230. Tepu asilete yenye inchi peke yake, na soketi ziwe za milimita. Kisha namwambia aache foleni ya maduka makubwa, akapite kwenye nyumba wanakoanika kuuza vitu vya mzee aliyefariki au mtu anayehama. Huko ndiko ziliko randa za chuma za zamani zenye kisu kinene.

Sisi huku tuna mtumba. Vyuma vikishuka toka kwenye makontena, pitia wauzaji wa Gerezani mapema, kabla mafundi wenzako hawajachagua. Soma mihuri: Sheffield kwa patasi na misumeno ya Uingereza, Solingen kwa visu na mikasi ya Ujerumani. Kutu ya juu isikutishe. Loweka kwenye siki usiku mmoja, sugua kwa brashi ya waya, osha kwa maji ya magadi ili ukali wa siki uishe, kausha, paka mafuta ya mashine. Kinachokataliwa ni vishimo vya kutu kwenye mgongo wa patasi karibu na makali, maana makali yatakuwa na mapengo kila unaponoa. Randa ya chuma igeuze uangalie mdomo wake na pembe zake. Ufa mwembamba hujificha hapo chini ya mafuta meusi, kwa hiyo futa kwanza kwa kitambaa. Bei ya mtumba haina msimu, Desemba na Machi ni ileile, na muuzaji hana haraka ya sikukuu.

Kuhusu risiti. Kibao cha "Mali ikishauzwa hairudishwi" kipo karibu kila duka, lakini kubadilishiwa kunazungumzika kabla hujalipa, si baada. Mimi husema, "Mangi, nikiinoa leo ikajikunja, kesho naileta unipe nyingine." Akikubali, aandike nyuma ya risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, na kuweka saini. Halafu nainoa siku hiyohiyo, nisiiweke stoo mpaka Pasaka.

Na kuna vitu ninavyonunua kwenye ofa bila kutoa tupa kabisa: msasa, brashi za rangi, ndoo, glavu, nyuzi za kupigia mstari, gundi kama tarehe haijapita, penseli za seremala. Klampu pia, ilimradi uzi wa skrubu uwe mnene na uzunguke bila kukwama toka mwanzo hadi mwisho. Idadi ya klampu haitoshi kamwe karakanani, chukua kadiri mfuko unavyoruhusu.