Maneno ya Kuyajua Kabla ya Kumwona Daktari

Anayejiandaa kwenda kumwona daktari huogopa majina marefu ya magonjwa, lakini nionavyo mimi, maneno yanayopotosha zaidi ni yale mepesi ambayo kila mtu anadhani anayajua: dozi, sugu, presha, chanya, hata saa. Neno gumu humfanya mgonjwa aulize maana yake. Neno jepesi humfanya aitikie tu na kwenda zake, akiwa amebeba maana ambayo daktari hakuikusudia. Kwa hiyo, pamoja na kuandaa kadi na nauli, ni vyema kuyapitia maneno hayo mapema.

La kwanza ni dalili, yaani kile ambacho mgonjwa mwenyewe anakihisi na kukieleza, kama vile maumivu, kichefuchefu au uchovu. Andika kabla ya kuondoka nyumbani kila dalili ilianza siku gani, inakaa wapi mwilini, huja kwa muda gani, na ni kitu gani huizidisha au kuituliza. Epuka neno moja linaloficha mambo mawili. Anayesema ana kizunguzungu huenda anaona chumba kinazunguka, jambo ambalo mara nyingi hutokana na sikio la ndani, au huenda anaona giza na kutaka kuanguka kila anaposimama, jambo linaloweza kutokana na kushuka kwa shinikizo la damu. Homa nayo, kwa daktari, ni joto la mwili lililopanda, kwa kawaida kufikia nyuzi 38 za Selsiasi au zaidi, wala si mafua na si malaria. Basi kama kuna kipimajoto nyumbani, andika namba. Vivyo hivyo, chembe ya moyo si moyo, bali ni sehemu ya juu ya tumbo chini ya kidari, na kiungulia ni tindikali ya tumbo inayopanda kooni. Hata hivyo, maumivu ya kifua yanayobana, yanayosambaa hadi mkononi au kwenye taya, yakiambatana na jasho au kukosa pumzi, hayasubiri kuandikwa popote: ni dharura.

Neno sugu linahitaji uangalifu wa pekee kwa sababu lina matumizi mawili. Ugonjwa sugu ni ule unaodumu kwa muda mrefu, kama kisukari, pumu au shinikizo la juu la damu, na usugu huo hauelezi ukali wake, kwani mwenye ugonjwa sugu anaweza kuishi vizuri kwa miaka mingi akiudhibiti. Usugu wa dawa ni jambo jingine kabisa. Hapo vijidudu ndivyo vilivyobadilika vikawa haviuawi tena na dawa iliyokuwa ikiviua. Wengi husema mwili wa mgonjwa umeizoea dawa, na kosa hilo lina madhara, maana mtu hudhani usugu ni shida yake peke yake, ilhali bakteria sugu huweza kumwambukiza hata mtu ambaye hajawahi kuimeza dawa hiyo. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya juu ya hatari hiyo mwaka 1945 alipokuwa akitoa mhadhara wa Tuzo ya Nobel, kwamba kutumia dawa kidogo kuliko inavyotakiwa huvifundisha vijidudu kuihimili. Viuavijasumu, au antibiotiki, hupambana na bakteria na havina kazi dhidi ya virusi vya mafua. Usishangae basi daktari akikurudisha nyumbani bila hivyo.

Dawa zote unazotumia, zikiwamo za mitishamba na zile za kununua bila cheti, ziandike au uzibebe katika pakiti zake. Tafuta jina la dawa yenyewe, ambalo mara nyingi huandikwa kwa herufi ndogo chini ya jina la kibiashara. Parasetamoli, kwa mfano, imo katika dawa nyingi za mafua zenye majina tofauti, na mtu mzima hapaswi kuzidisha gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500, kwa sababu ziada huharibu ini. Wapo wanaohitaji kiasi kilicho chini ya hicho. Tenganisha pia mzio na maudhi madogo ya dawa: kuharisha kidogo baada ya kiuavijasumu kwa kawaida ni maudhi, lakini vipele vinavyowasha, kuvimba midomo au kushindwa kupumua ni ishara za mzio, na lazima daktari azijue kabla hajaandika chochote.

Dozi hutajwa kwa maana ya kiasi cha kumeza mara moja, na pia kwa maana ya matibabu yote ya siku tano au saba. Anayeambiwa amalize dozi aulize ni hadi tarehe ngapi. Lugha yetu huongeza mtego mwingine, kwani saa nane ni muda na pia ni wakati wa mchana. Nimewahi kusikia agizo la "kila baada ya saa nane" likieleweka kuwa kidonge kimoja tu, kila siku saa nane mchana. Omba uandikiwe nyakati zenyewe za kumeza, kwa mfano saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana na saa nne usiku, na kwa dawa ya maji tumia kipimio kilichokuja na chupa, kwa kuwa vijiko vya nyumbani havilingani.

Kuhusu vipimo, kila aliye hai ana presha, na linaloitwa ugonjwa ni presha iliyopanda ikabaki juu. Husomwa kwa namba mbili, kama 120 kwa 80: ya kwanza ni msukumo wa damu moyo unapojikaza, ya pili ni moyo unapolegea. Ikifika 140 kwa 90 au zaidi katika siku tofauti, madaktari wengi huihesabu kuwa ya juu, hata kama kichwa hakiumi. Kabla ya kupimwa, usinywe kahawa wala kuvuta sigara kwa nusu saa, nenda haja ndogo, kisha keti kimya dakika tano huku miguu ikigusa sakafu. Kipimo cha sukari ya kufunga hutaka saa nane bila chakula, maji matupu yakiruhusiwa. Andika namba pamoja na kizio chake, kwa kuwa milimoli 7.0 kwa lita ni sawa na miligramu 126 kwa desilita, na asiyejua hilo anaweza kudhani sukari yake imepanda mara kumi na nane.

Majibu yanaposomwa, chanya maana yake kilichotafutwa kimeonekana, na hasi maana yake hakikuonekana. Si habari njema wala mbaya mpaka ujue kilichotafutwa ni nini. Uvimbe nao si lazima uwe saratani. Ndiyo maana huchukuliwa kipande chake kidogo kikachunguzwe.

Mwisho ni ridhaa, yaani kukubali baada ya kuelewa kitakachofanywa, hatari zake na njia nyingine zilizopo. Kabla ya sahihi, maswali yote ni halali. Kwa upasuaji wa nusu kaputi, kanuni ya kawaida ni kuacha chakula saa sita kabla na maji matupu saa mbili kabla, isipokuwa umeelekezwa vinginevyo, kwa sababu mtu akiwa usingizini koo hupoteza kinga yake na kilichomo tumboni chaweza kupanda na kuingia mapafuni. Aliyeonja hata kipande cha mkate na aseme kabla hajalala mezani, naye atapangiwa saa nyingine.