Jogoo Anayeshambulia Watu Uani: Namna ya Kumsoma, Kumtuliza na Kujua Wakati wa Kumwondoa

Jogoo wangu wa kwanza mwenye damu ya kuchi, yaani kuku wa kupigana, alikuwa na umri wa miezi minane hivi alipoanza kuniandama. Hakuanza kwa kunirukia. Kwa siku kadhaa, kila nilipoingia uani na ndoo ya pumba, alinijia kwa ubavu badala ya kunijia uso kwa uso, bawa moja limeshushwa hadi ncha za manyoya zikakwaruza vumbi, akanizunguka nusu duara kwa hatua fupi za haraka. Nikadhani ananichezea. Wiki iliyofuata nilimpa mgongo ili nimimine maji kwenye karai, nikasikia kishindo cha mabawa, kisha maumivu nyuma ya goti kama ya kuchomwa msumari. Nilichofanya baada ya hapo kilikuwa kibaya zaidi: nikachukua fagio la chelewa na kumpiga kila alipokaribia, na baada ya majuma mawili ya vita hiyo akawa hasubiri tena nimpe mgongo.

Mwongozo huu ni kwa mfugaji wa kuku wachache wa nyumbani, kumi, ishirini au thelathini, ambao jogoo wao huzunguka pale pale wanapopita watoto, wageni na muuza maziwa. Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba jogoo mkali, mara nyingi, anafanya kazi yake, ila anaifanya dhidi ya kiumbe asiyestahili. Pora, yaani jogoo kijana, anapofika miezi minne hadi sita, homoni za kiume humpanda, upanga wa kichwani hukolea wekundu, huanza kuwika na kupanda, na huanza kutafuta nafasi yake katika kundi. Kuku huishi kwa ngazi: kila mmoja anajua nani anaweza kumdonoa na nani hathubutu kumgusa, utaratibu ambao Mnorwei Thorleif Schjelderup-Ebbe aliueleza kitaalamu mwaka 1921, ingawa bibi zetu waliokuwa wakimwaga chenga za mahindi uani walikuwa wakiuona kila asubuhi. Mtu anayeingia humo kila siku naye hupangiwa ngazi yake. Ukimkimbia jogoo, umekubali kuwa chini yake. Ukimpiga kwa fimbo au teke, umekuwa jogoo mwenzake, na jogoo mwenzake hupigwa hadi aondoke.

Kuna jambo jingine ambalo huwashangaza wengi, nalo ni kwamba jogoo aliyelelewa mikononi, yule kifaranga aliyebebwa, akalishwa kiganjani na kulazwa jikoni kwenye boksi, mara nyingi ndiye anayekuwa mkali kuliko wenzake waliolelewa na mama yao. Hakujifunza kumwogopa binadamu, kwa hiyo akikua hana sababu ya kumpisha njia. Kama unafuga vifaranga kwa mkono, acha watoto wawabembeleze wale wa kike, na mapora wapewe chakula, maji na usafi bila kufanywa wanasesere.

Kumsoma kabla hajaruka

Jogoo hutoa taarifa kabla ya kushambulia. Lile bawa linaloshushwa ndilo analolitumia pia kumchumbia mtetea, lakini akilielekeza kwa mtu, lihesabu kuwa onyo. Tazama pia manyoya ya shingo: yakisimama pande zote, mfano wa mwavuli unaofunguliwa, amekwisha kuamua. Kati ya dalili hizo mbili huwa kuna ya tatu isiyotambuliwa na wengi, nayo ni kudonoa ardhi pasipo na kitu. Anainamisha kichwa, anadonoa vumbi mara mbili tatu kwa nguvu huku jicho moja likiwa kwako, na ukiangalia vizuri utaona hajaokota hata punje. Majogoo wawili wanaotaka kupigana hufanya hivyo hivyo.

Usichanganye hayo na tabia njema za jogoo. Akitoa mlio wa chini wa haraka haraka, akaokota chembe na kuiangusha, anawaita mitetea wake waje kula. Akitoa mlio mrefu mkali wakati mwewe anapita, na kundi zima likakimbilia chini ya mwembe, huyo ni mlinzi wa kuthaminiwa. Binafsi ningemvumilia sana jogoo wa namna hiyo kabla ya kumpeleka sufuriani.

La kufanya anapokujia

Simama. Mgeukie, usimwendee mbio wala usirudi nyuma, na kama una ndoo au ungo uweke kati yako na yeye, chini usawa wa magoti, ili akiruka agonge ungo. Kaa hivyo mpaka ashushe manyoya na kuanza kutazama pembeni au kujifanya anatafuta chakula, kisha piga hatua mbili tatu za polepole kuelekea alipo, ili yeye ndiye apishe njia. Hapo ndipo uendelee na kazi yako. Kinachotakiwa ni kwamba pambano limalizike yeye akiwa amesogea na wewe hujampiga. Vaa suruali nzito na mabuti ya mpira kwa majuma ya mwanzo, kwa kuwa mtu asiyeogopa kuumia ndiye anayeweza kusimama bila kutetereka.

Njia iliyonisaidia zaidi kwa mapora ni ya jioni. Kuku wakishapanda kwenye kichanja na giza kuingia huwa hawaoni vizuri na hawana ubishi. Mchukue jogoo kwa utulivu, mabawa yakiwa yamebanwa chini ya kwapa lako, tembea naye uani dakika kumi au kumi na tano, kisha mrudishe. Ukirudia kila jioni kwa wiki mbili, na mchana ukapita karibu naye bila kumjali, wengi hupoa. Kwa jogoo wa miaka miwili ambaye amekwisha kuzoea kushinda, nakiri kwamba sijawahi kufanikiwa kwa njia hii.

Chunguza pia anamshambulia nani na lini. Wapo majogoo wanaowaandama watu wenye vazi fulani tu, gauni linalopepea au mabuti yanayong'aa, na wapo wanaochafuka pale tu mtu anapomshika mtetea akapiga kelele. Huyu wa pili hahitaji kufunzwa adabu. Kamata kuku wako usiku, na ugomvi utakwisha wenyewe. Wengine huwa wakali mlangoni mwa banda tu, kwa sababu mlango ni mwembamba na mtu akiingia anamzibia njia pekee ya kutokea. Mwaga chakula upande wa mbali kwanza, asogee, ndipo uingie.

Idadi ya majogoo na nafasi yao

Ugomvi wa majogoo kwa majogoo una hesabu yake. Jogoo mmoja hutosha mitetea 8 hadi 10, na wa kienyeji mwenye afya humudu hata zaidi ya hapo. Ukiwa na mitetea sita na majogoo watatu, utaona migongo ya mitetea imenyonyoka manyoya, wengine wakikataa kushuka kwenye kichanja asubuhi, na mmoja wao, kwa kawaida yule mpole, akiandamwa kuliko wote. Dawa hapo ni kuchinja au kuuza majogoo wawili, na nisingependa kuificha kauli hiyo kwa maneno laini. Ikumbukwe kwamba mtetea hutaga bila jogoo, kwa hiyo anayefuga kwa ajili ya mayai ya kula tu hana ulazima wa kuwa na jogoo hata mmoja.

Mapora waliokua pamoja wanaweza kuishi kwa amani mpaka siku mitetea wanapoingizwa kati yao. Ukitaka kuwanenepesha kwa ajili ya sikukuu, watenge kwenye banda lao, mbali na macho ya mitetea, na watasumbuana kidogo tu. Ukitaka kujua nani mkubwa wao, sikiliza alfajiri: watafiti wa Chuo Kikuu cha Nagoya nchini Japani walionyesha mwaka 2015 kwamba katika kundi la majogoo, mkubwa ndiye anayetangulia kuwika, na wengine humfuata kwa kufuata ngazi. Nilijaribu kusikiliza kwa mapora wangu wanne, na aliyetangulia kuwika ndiye aliyekuwa akila kwanza.

Kwa wale wanaolazimika kuwa na majogoo wawili katika uwanja mmoja, weka vyombo vya chakula na maji sehemu mbili zisizoonana, na weka vizuizi vya kujifichia, mathalani bati lililoegemezwa ukutani au tenga kuukuu, ili anayeshindwa apate pa kukimbilia. Jogoo aliyeshindwa akiwa hana njia ya kutoka hupigwa hadi kufa, hasa katika kuchi, ambao vifaranga wao huanza kupigana mapema kuliko kuku wengine. Damu ikitoka mtenge mara moja, maana wekundu huwavuta wengine kudonoa. Osha jeraha kwa maji safi yenye chumvi kidogo, kisha tumia dawa ya kupulizia ya rangi ya buluu inayouzwa katika maduka ya dawa za mifugo, na usimchinje kabla ya kwisha kwa siku zilizoandikwa kwenye chupa.

Vikwaru

Kikwaru, ile pembe inayoota nyuma ya mguu wa jogoo, ndicho kinachojeruhi, na ncha yake inaweza kupunguzwa. Kazi hii hufanywa usiku na watu wawili. Mmoja amfunge jogoo kwa kanga, kichwa kikiwa kimefunikwa, na kuacha miguu nje. Wa pili ashike mguu kwa uthabiti juu kidogo ya kikwaru, kisha aisage ncha kwa tupa ya fundi, taratibu, kuelekea upande mmoja. Ganda la nje ni gumu kama kwato, lakini ndani mna mfupa wenye damu, kwa hiyo usikate kwa kisu wala msumeno, na usifuate ushauri wa kuking'oa. Ondoa takriban nusu sentimita tu ili ncha iwe butu kama kidole, na ukiona rangi inabadilika kuwa ya waridi, acha hapo hapo. Damu ikitoka, bana kwa kitambaa safi chenye unga mkavu wa mahindi mpaka ikatike. Baada ya miezi michache ncha huchongoka tena, na kazi hurudiwa.

Kuhusu kuhasi, korodani za jogoo zimo ndani ya mwili, karibu na uti wa mgongo, kwa hiyo hiyo ni kazi ya daktari wa mifugo na si ya kujaribiwa nyumbani kwa wembe.

Watoto, wazee na majeraha

Mtoto wa miaka mitatu ana kimo ambacho jogoo akiruka hufikia macho yake. Kwa sababu hiyo mimi sina subira na jogoo aliyemrukia mtoto mdogo hata mara moja. Wazee nao wana hatari yao: mwaka 2019 wataalamu wa Australia walichapisha taarifa ya mwanamke mzee aliyekuwa akiokota mayai, jogoo akamdonoa mguuni penye mshipa uliovimba, akatokwa na damu hadi akafariki. Mwenye mishipa iliyovimba miguuni asiingie bandani bila mabuti. Jeraha la kikwaru huwa dogo kwa juu na refu kwa ndani, nalo limebeba uchafu wa banda. Lioshe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika kadhaa, kisha uende kituo cha afya ukaulizie chanjo ya pepopunda, na ikiwa limeguswa jicho usisubiri kesho.

Kumwondoa na kumleta mwingine

Ukali una sehemu yake katika damu, na namna tunavyofuga inauzidisha bila sisi kujua. Mgeni akifika ghafla, jogoo anayekamatwa kirahisi ndiye anayechinjwa, na yule asiyeshikika hubaki kuwa baba wa vifaranga wote wa mwaka huo. Fanya kinyume chake. Jogoo ambaye hajabadilika baada ya mwezi mmoja wa utaratibu nilioueleza achinjwe. Na kama utamuuza akiwa hai, mwambie mnunuzi ukweli, kwani huenda nyumbani kwake kuna mtoto.

Unapochagua mwingine, chagua aliyekwisha kupita mwaka mmoja, kwa sababu tabia ya pora wa miezi mitatu bado haijajulikana. Mtenge kwa majuma mawili na umpatie chanjo ya mdondo (ugonjwa wa Newcastle) iitwayo I-2, tone moja jichoni, inayorudiwa kila baada ya miezi 3. Mitetea huhifadhi mbegu za jogoo aliyeondoka kwa majuma mawili au zaidi, hivyo usianze kukusanya mayai ya kuatamisha kabla ya mwezi kupita, la sivyo utaangua watoto wa yule yule uliyemchinja.

Wanaosema jogoo wa shamba hawiki mjini hawakukosea hata kwa maana ya kawaida ya maneno hayo: jogoo aliyeletwa uwanja wa ugenini hukaa kimya siku kadhaa, mpole, akila pembeni. Upole huo usiuamini. Ngoja mpaka awe amewatawala mitetea na kuwika kwa sauti yake kamili, ndipo utajua umeleta nani, na kwa mwezi huo wote mtoto asitumwe kuokota mayai bila mtu mzima kusimama mlangoni.