Kufungia laktazi mu shanga za alginati juu ya maji ya fromaji

Fromaji ya Masisi kila mutu wa Goma anaijua, lakini ile maji inabakiaka nyuma ya maziwa kushikana, mingi wanaimwangaka tu ao wanapatia nguruwe. Kumbe ndani ya litri moja kuko karibu gramu 45 mpaka 50 ya laktozi, njo sukari ya maziwa. Anzimi ya laktazi (anzimi ni protini yenye inaharakisha kazi ya kukata ao kuunga vitu) inaikata mu glukozi na galaktozi, maji inakuwa tamu zaidi, unaitia mu yogati ao mu siro. Shida ni bei, ukiimwanga laktazi ndani ya maji haitoke tena. Njo juu ya hiyo tunaifungia mu shanga za alginati, kitu chenye kinaliwa bila shida, tunairudilia. Mu viwanda, Tanabe Seiyaku ya Japani ilianza kufanya vile 1969, na anzimi ingine.

Chagua laktazi ya Aspergillus oryzae, ni aina ya kuvu. Ile ya Kluyveromyces lactis, aina ya chachu, inataka pH (kipimo cha ukali) karibu 7, tena kalsiyumu inaizuiaka, na sisi tunaenda kuifungia mu kalsiyumu, sasa utafanya nini? Ya Aspergillus inapenda pH 4.5 mpaka 5.5, kwa hiyo maji ya fromaji yenye imechachuka kidogo inaipendeza.

Kamata gramu 2 za alginati ya sodiyumu (inatoka ku majani ya bahari) na mililitri 100 za maji distile, haina ya Ziwa Kivu, ile iko na madini mingi. Nyunyiza pole pole huku unavuruga, ukitupa yote mara moja utapata mabonge yenye yatakukasirisha mpaka kesho. Acha usiku mu frigo mapovu itoke, kisha changanya na laktazi, bila joto.

Pembeni, yeyusha gramu 2 za kloriri ya kalsiyumu ya chakula mu mililitri 100 za maji. Ile ya kukausha hewa ya mu nyumba achana nayo. Na seringi, angusha ndani yake ile alginati yenye laktazi, matone moja moja, yatashikana palepale kama mayai ya samaki, njo shanga zenyewe. Acha dakika 30, osha na maji distile.

Sasa hapa njo watu wengi wanaruka: ile maji ya kuoshea usiimwange. Tia kidogo ndani ya maji ya fromaji yenye haijaguswa, acha saa moja mahali pa vuguvugu, kisha chovya bandeleti ya glukozi ya mukojo, ile ya farmasi. Ikibadilika rangi, laktazi inavuja, juu matundu ya alginati ni makubwa. Hapo vika shanga na kitozani (inatoka ku maganda ya kamba wa bahari), asilimia 0.5 mu asidi asetiki ya asilimia 1, dakika chache, osha tena. Kuko wenye wanatumia glutaraldehidi, inashika kweli, lakini ni sumu na ku chakula mimi siipendi.

Jaza shanga mu mwili wa seringi kubwa, kitambaa safi chini, pitisha maji ya fromaji yenye umechemsha na kupoza mpaka digri 40 hivi, pole pole, tone kwa tone. Ukipita 60 anzimi inakufa. Fosfati na sitrati za maziwa zinanyang'anyaka shanga kalsiyumu yake, zinalegea, zinavimba, kwa hiyo kila ukimaliza zirudishe kidogo mu kloriri ya kalsiyumu, na usitumie hata siku moja bafa (maji ya kushikilia pH) ya fosfati. Zilale mu frigo ndani ya maji yenye kalsiyumu kidogo, haina mu konjelateri, barafu inazipasua.