Somo: Kwilti ndogo ya ukutani kwa kuchora, kuchapa na kushona

Kwilti ni tabaka tatu zilizoshikwa pamoja kwa uzi: uso, tabaka la kati na bitana. Hapa tunatengeneza kipande cha sm 20 kwa 30, picha yake jahazi. Bagamoyo kila mtu analijua umbo la jahazi, kwa hiyo ukikosea utaambiwa mapema.

Kabla ya kugusa kitambaa, gawa picha. Maumbo mazito, yaani mwili wa jahazi na tanga, yapewe muhuri. Vitu vidogo kama mlingoti, foromali (mti unaobeba tanga) na mbao za ubavuni vipewe kalamu. Kamba, maji na upepo viachiwe sindano. Anayechora kila kitu kwanza huishia kushona juu ya mistari yake mwenyewe, na uzi unakosa kazi.

Vitambaa. Nunua marikani nusu mita. Yenye upana wa sm 90 inatoa nyuso tatu za sm 26 kwa 36. Ifue kwanza kwa maji ya moto na sabuni, ianike, ipige pasi, ndipo ukate. Marikani mpya ina wanga: rangi hukaa juu ya wanga badala ya kuingia kwenye nyuzi, na siku ya kufua inaondoka nao. Pia hurudi ikifuliwa. Tabaka la kati liwe flana ya pamba au blanketi jepesi kuukuu. Sponji ya godoro usitumie, inasukuma mshono nje na baada ya muda inamomonyoka. Flana na bitana vikatwe sm 28 kwa 38.

Muhuri. Soli ya ndala iliyochakaa inafaa sana, ila chagua sehemu iliyo bapa na uisugue kwa msasa laini mpaka alama za kukanyagia ziishe. Chora jahazi kwenye karatasi nyembamba kwa penseli laini, lifunike kifudifudi juu ya soli, kisha sugua mgongo wa karatasi kwa kijiko. Mchoro utahamia ukiwa umegeuka, na ukichapa utarudi sawa. Kata kwa wembe au kisu cha karatasi, kina cha mm 3. Mkono uulaze kidogo ili shina la kila mstari liwe pana kuliko uso wake. Ukikata wima, mstari mwembamba utalala ukibonyezwa na chapa itatoka imepinda.

Kuchapa. Tandika magazeti yaliyokunjwa au kanga iliyokunjwa mara nne, juu yake marikani. Tumia rangi ya kitambaa ya maji. Usichovye muhuri ndani ya rangi. Paka kwa kipande cha sponji, kwa kugusagusa, mpaka uso wote ung'ae kidogo bila rangi kujaa kwenye mifereji. Bonyeza kwa kiganja, hesabu hadi 5, inua wima. Chapa ikikusomea kasoro, isikilize: ukingo uliovimba maana yake rangi imezidi; katikati peupe maana yake meza ni ngumu na haina kitu laini chini; vidoadoa kila mahali maana yake rangi ni haba au imekauka kabla hujabonyeza. Hili la mwisho hutokea sana kwenye upepo wa bahari, basi funga dirisha na uzime feni. Jaribu kwenye vibaki mara kadhaa kabla ya kugusa uso wenyewe.

Acha ikauke siku nzima. Kisha pasi ya moto wa pamba, bila mvuke, upande wa nyuma, dakika 3 hadi 5 huku ukiisogeza. Joto ndilo linaloshikisha rangi. Ukiliruka hili, kazi yote itaishia kwenye beseni.

Kuchora. Bandika kitambaa kwenye ubao kwa selotepu ya karatasi ili kisitembee. Tumia kalamu ya wino usiofutika, ncha nyembamba, na mkono usisite: kalamu ikituama, wino unasambaa.

Kushona. Panga tabaka, piga bandi ndefu (mishono ya muda) kila baada ya sm 8, kutoka katikati kwenda pembeni. Pini usizilaze humo usiku. Hewa ya chumvi inazitia kutu na doa halitoki. Shona kwa mkono, mishono ya mm 3, nayo pia ianzie katikati. Pita mm 2 nje ya ukingo wa chapa, usipite juu ya rangi nzito, kwani sindano itakwama na tundu halitafumba. Kwa maji, shona mistari mitatu minne ya mawimbi yasiyolingana, inayokaribiana chini ya jahazi na kuachana kadiri yanavyokwenda mbali. Hapo flana inainuka kati ya mistari na bahari inapata mgongo. Tanga liache bila mshono hata mmoja, litavimba lenyewe.

Kumalizia. Punguza hadi sm 20 kwa 30, pindia kwa ukanda wa sm 6 uliokunjwa mara mbili, urefu sm 120. Nyuma juu shonea mfereji wa kupitishia fimbo.

Maswali ya wanachama

*Shikamoo mwalimu. Yangu imefura katikati na pembe zinajikunja. Kwa nini?*

Marahaba. Umeanzia pembeni, kitambaa kikasukumwa ndani kikakosa pa kutokea. Fumua mishono, lainisha kwa kiganja kuelekea nje, shona upya. Kama pembe tu ndizo zinazojikunja, uzi umeuvuta mno.

*Naweza kutumia kanga kwa bitana?*

Kanga kuukuu, ndiyo, na mji wake ukikaa vizuri nyuma inapendeza. Mpya iloweke kwanza mpaka maji yatoke meupe, hasa nyekundu na nyeusi.

*Fundi, nina pasi ya mkaa tu.*

Inafaa. Futa chini yake, ijaribu kwenye gazeti: likigeuka kahawia, subiri. Weka kitambaa safi juu ya kazi na usipulizie mkaa ukiwa karibu, majivu yanaganda kwenye flana.

*Nimeshona kwa cherehani, chini kuna vitanzi vitanzi.*

Vitanzi vikiwa chini, tatizo liko juu. Inua mguu, pitisha upya uzi wa juu mpaka uingie katikati ya visahani vya kukazia, kisha jaribu. Sindano iwe namba 14, mshono mm 3.

*Rangi ya ukutani je? Ninayo nusu ndoo.*

Iache kwa ukuta. Ikikauka kwenye kitambaa inakuwa ngumu, ukikunja inapasuka, na sindano inaibandua vipande.