Mzee mwenye dimenshia akigoma kuoga

Mzee mwenye dimenshia, yaani ugonjwa wa ubongo unaopunguza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, anayepiga kelele au kurusha ngumi ukimpeleka bafuni mara nyingi si mkaidi. Anasikia baridi, anaona haya kuvuliwa nguo, au maji ya kichwani yanamtisha. Dawa ya kumtuliza haiondoi hata moja kati ya hayo.

Andaa kila kitu kabla hujamwita: kiti kisichoteleza, maji ya uvuguvugu uliyoyapima kwa kiwiko, sabuni, taulo mbili na khanga kavu. Chagua saa aliyozoea kuoga tangu zamani. Usimuulize "Unataka kuoga?" maana atajibu hapana. Sema, "Shikamoo babu, maji yako tayari," kisha mpe kitambaa akishike mwenyewe. Mkono ulioshika kitu hupiga kwa nadra.

Mfunike khanga mabegani na mapajani, ufunue sehemu unayoosha tu. Anza na miguu, panda taratibu. Uso na kichwa viwe mwisho, au viache hadi siku nyingine. Kosa kubwa ni kummwagia kopo la maji kichwani ghafla. La pili ni watu wawili kumsemesha kwa pamoja. Akikataa, acha, urudi baada ya dakika 20. Kuoga mara 2 au 3 kwa wiki kunatosha, mradi makwapa na sehemu za siri zisafishwe kila siku.

Ukali ulioanza ghafla, ndani ya siku moja au mbili, ni jambo jingine: mpeleke hospitali haraka, apimwe mkojo na aangaliwe kama ana maumivu au amefunga choo.