Video Inakwama Kwenye Linux? Usifute VLC Kwanza

Sauti inakwenda, picha imeganda, feni inanguruma. Wengi hapo hukimbilia kufuta VLC na kuisakinisha upya. Acha kwanza, kosa kwa kawaida haliko kwenye VLC.

1. Cheza faili hilohilo kwa mpv, kicheza video kingine: `mpv --hwdec=auto-safe filamu.mkv`. Usiliache hilo neno la hwdec, ndilo linaloiambia mpv iitumie kadi ya picha kufungua video. Herufi `i` inakuonyesha kodeki (njia iliyotumika kubana video) na fremu zilizodondoka. Mimi mpv ndiyo naiamini kwa uchunguzi: haina madoido, haifichi kitu. Video ikitiririka, rudi VLC urekebishe mipangilio yake.

2. Isipotiririka, chunguza faili lenyewe: `ffprobe filamu.mkv` (huja pamoja na ffmpeg). Soma mstari wa Video.

3. Sasa kazi yenyewe. Ukiona `hevc` pamoja na `yuv420p10le`, hiyo ni kodeki ya HEVC (H.265) ya biti 10. Endesha `vainfo`, inayoorodhesha kodeki ambazo kadi yako inaziweza, utafute `VAProfileHEVCMain10`. Angalia mwisho wa mstari: `VAEntrypointVLD` ndiyo kufungua video, `EncSlice` ni kuitengeneza, haikusaidii hapa. Na usidanganyike na `HEVCMain` tupu, hiyo ni biti 8. Prosesa za Intel za Skylake (2015) zinaishia hapo. Biti 10 kamili ilikuja na Kaby Lake, kizazi kilichofuata.

Mstari ukikosekana, usiilaumu mashine bado. Fedora, mojawapo ya matoleo ya Linux, iliondoa kodeki za H.264 na HEVC kwenye Mesa yake (draiva za picha) mwaka 2022 kwa sababu za hataza, kwa hiyo wenye AMD wachukue `mesa-va-drivers-freeworld` kutoka RPM Fusion, hazina ya nje ya programu za Fedora. Intel kuanzia Broadwell (kizazi cha kabla ya Skylake) hutumia draiva ya iHD, za zamani i965; ikichaguliwa isiyo yake, jaribu `LIBVA_DRIVER_NAME=iHD vainfo`. Mwenye NVIDIA na draiva ya kampuni yenyewe, vainfo haimhusu: mpv itatumia nvdec, njia ya NVIDIA yenyewe ya kufungua video.

4. Kadi ikishindwa kabisa, geuza faili liwe H.264 ya biti 8:

`ffmpeg -i filamu.mkv -c:v libx264 -pix_fmt yuv420p -crf 20 -c:a copy nyepesi.mkv`

Itachukua muda, iache ifanye kazi. Ila `-pix_fmt yuv420p` usiiondoe: bila hiyo utapata H.264 ya biti 10, ambayo kadi nyingi haziwezi kuifungua, na prosesa itabeba mzigo uleule.